Jinsi ya Kuamsha Chenso Iliyolala Stoo

Kanuni ya kwanza: usivute kamba. Chenso ya babu imeshushwa darini huko Rulenge, wilayani Ngara, imejaa vumbi na mavi ya mijusi, ndugu wamekuzunguka, na kila mmoja anataka kuisikia ikinguruma kabla ugali haujaiva. Wazuie. Mashine iliyokaa miaka bila kuguswa huenda ina kutu kwenye silinda na mchanga kwenye koo la kabureta, na mivuto ya furaha ndiyo inayoikwaruza pistoni. Wape watu kazi. Mmoja alete brashi, mwingine bakuli safi la kuwekea skrubu, na shemeji mwenye ushauri mwingi kuliko wote mtume Benaco akatafute plagi mpya.

Sasa vua ekzosi, mulika tundu kwa tochi ya simu, ugeuze injini taratibu kwa mkono hadi uone ubavu wa pistoni. Ukiwa laini, una mashine. Ukiwa na michirizi ya wima, huenda mashine hiyo iliwahi kupewa petroli yenye oili pungufu, na pesa yako ya kwanza ni ya pistoni na ringi. Wengi huanza kwa kununua mnyororo kwa sababu unang'aa na unapendeza mkononi. Mnyororo ununue mwisho.

Ukikuta ni Stihl 070, chinja jogoo. Ni mashine ya Ujerumani yenye ujazo wa sentimita za ujazo 105 hivi, nzito, ya mwendo wa pole, na vyuma vyake ni vinene kiasi cha kusamehe uzembe mwingi. Vipuri vya nakala za Kichina huingia humo, ingawa ubora wake hutofautiana sana. Kagua ringi kwa macho yako kabla ya kulipa. Mashine za zamani zaidi za aina hii zina platini. Platini hizo zisugue kwa msasa laini. Plagi iachie mwanya wa nusu milimita. Kabureta ifungue juu ya kitambaa cheupe, maana vidude vyake ni vidogo na nyasi za uwanjani hazirudishi kitu. Kiwambo cha mpira kilichokauka kibadilishe bila kubembelezana nacho. Vitundu vya mafuta vipulize kwa pampu ya baiskeli. Ukichokoa kwa waya utavipanua, na kuanzia siku hiyo mashine haitakubali kurekebishwa.

Kuhusu mafuta siwezi kukuchekea, kwa sababu hapa ndipo chenso nyingi hufia. Injini hii haina oili yake ya pekee kama pikipiki. Inalainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli, basi. Ukitumia oili ya kawaida ya 2T, changanya mililita 40 kwa kila lita moja ya petroli, yaani sehemu moja kwa 25. Oili iliyobaki ya bodaboda ni ya kazi nyingine. Usikadirie kwa kifuniko cha chupa, wala usimwamini anayesema rangi ikifanana na chai imetosha. Tikisa dumu kabla ya kumimina, kila mara.

Kama mashine imetoka Dar es Salaam, iliyo usawa wa bahari, kumbuka kwamba mji wa Ngara uko juu ya mita 1,500. Hewa ni nyepesi, mchanganyiko unazidi petroli, na mashine inatoa moshi na kukosa pumzi. Punguza skrubu ya mwendo mkubwa kidogo sana, kisha sikiliza. Ikianza kulia kwa sauti kali na nyembamba, umezidisha. Rudisha haraka kabla pistoni haijashika moto.

Mnyororo unolewe kwa tupa ya mviringo, kila jino mapigo sawasawa, la sivyo utakata nusu duara. Msumeno mkali hutoa chembe nene. Ukiona unga kama wa muhogo, simama unoe. Ukipasua mbao, punguza pembe ya jino hadi nyuzi 10 hivi, na ujue kwamba kila mpasuo unakula karibu sentimita moja ya gogo. Mti uliochukua miaka 15 kukua haustahili kuliwa hivyo na mkono unaotetemeka. Funga reli ya kuongozea.

Mzigo wa mashine hii ninauhisi zaidi ninapopita Benaco. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia kutoka Rwanda, wakapiga kambi hapo Benaco. Walihitaji kuni na nguzo za vibanda, na vilima vilibaki wazi kwa mapanga na shoka tu. Watu walilazimika. Wewe mwenye injini hulazimiki. Kata mikaratusi na misindano iliyopandwa, mingine na wazazi wetu baada ya hapo, na kabla ya kuikata nenda Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) au halmashauri uchukue kibali cha kuvuna, pamoja na hati ya kusafirishia. Mninga wa porini uache usimame. Na tangu 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Huko usiende hata na mnyororo mfukoni.

Siku ya kuwasha, weka mashine chini, kanyaga mshikio wa nyuma, watoto wakae mbali. Chenso nyingi za kizamani hazina breki ya mnyororo, kwa hiyo ncha ya juu ya bapa isiguse kitu chochote: ndiyo inayorusha msumeno usoni. Vaa kofia ngumu, viatu vigumu, kinga ya macho na masikio.

Ukimaliza msimu, mwaga mafuta yote, iache izunguke mpaka izime yenyewe, kisha ifungie. Jirani atakuja kuiazima kabla ya wiki kuisha. Mpe, lakini nenda naye, na dumu la mchanganyiko ulibebe wewe.