Maktaba Si Mahali pa Kuchajia Simu

Mwanafunzi, nakujua. Kazi umepewa mwezi uliopita, inakusanywa Ijumaa, na leo Jumatano. Umeingia maktaba, umetafuta meza iliyo karibu na soketi, umechomeka chaja, umepiga picha vitabu vitatu alivyoviacha mtu mwingine mezani, ukaandika kwenye stetasi kwamba unapiga msuli. Mpaka hapo hakuna utafiti uliofanyika. Weka simu mfukoni tuanze.

Kwanza uwe na swali. "Historia ya Kiswahili" si swali. Wako maprofesa waliostaafu wakiwa bado wamo humo. Uliza jambo linaloweza kujibika kwa kurasa kumi. Kwa mfano, kwa nini mkutano wa Mombasa wa 1928 uliamua kwamba Kiunguja ndicho kisanifishwe, wakati Kimvita kilikuwa na hazina kubwa ya tenzi na mashairi? Hapo pana ubishi, pana walioridhika na walionuna, na pana maandishi ya kuyafuata.

Ukishalipata swali, nenda kwa mkutubi. Mwanafunzi humaliza miaka mitatu akimjua muuza chipsi wa getini kwa jina lake na la mtoto wake, lakini mkutubi hajawahi hata kumsalimia. Mpe shikamoo yake, mweleze unachotafuta, kisha nyamaza umsikilize. Mtu huyu amesomea kazi ya kukutafutia vitu. Kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, ndiye atakayekupeleka kwenye mkusanyo wa East Africana, wenye maandishi ya kanda hii ambayo huwezi kuyapata kwa kuperuzi simu kitandani.

Sasa maneno ya kutafutia. Hapa ndipo wengi wanapokwama, wakaishia kuandika kwamba "hakuna tafiti zilizofanyika kuhusu mada hii". Ziko! Wewe umeandika neno moja kwenye katalogi, mara moja, ukakata tamaa. Vitu hubadilika majina. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi ya kukisanifisha Kiswahili 1930 ilikuja kuitwa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) 1964, na tangu 2009 ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Imekaa Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Mombasa kabla ya kurudi Dar es Salaam, kwa hiyo hata mji wa uchapishaji unabadilika kutoka chapisho hadi chapisho. Jarida lake lilianza kama taarifa ya kamati, likaitwa Swahili, leo linaitwa Kiswahili. Anayetafuta TATAKI peke yake amejifungia nje ya karibu miaka 80 ya maandishi. Basi andika orodha: majina ya zamani na ya sasa, Kiswahili na Swahili bila ki-, Tanganyika pamoja na Tanzania. Kama unagusa enzi za Wajerumani, tafuta na kwa Kijerumani, hata kama hukijui. Namna ya kusoma utaiulizia baadaye.

Katalogi ikikupa namba, panda ghorofani ukakitafute kitabu kwa miguu yako. Katika mfumo wa Dewey, ulioanza 1876, Kiswahili kiko 496.392 na historia ya Tanzania iko 967.8; katika mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Kiswahili kinaanzia PL 8701. Ukifika, usinyakue kimoja na kukimbia. Tazama vilivyo kushoto na kulia, maana vya mada moja hupangwa pamoja, na mara nyingi kitabu unachokihitaji ni jirani wa kile ulichokifuata. Kifungue kwa nyuma: faharasa itakuonyesha ukurasa wako, marejeo yatakupeleka kwa waliotangulia. Wafuate mpaka umfikie aliyesema jambo lenyewe kwa mara ya kwanza. Nimesoma kazi nyingi ambamo Hamisi amemnukuu Asha, Asha kamnukuu Juma, na ukimfikia Juma unakuta alisema kinyume chake.

Mtandaoni pia kuna mali. African Journals Online ipo tangu 1998 na ina majarida mengi ya bara letu. JSTOR na Research4Life huenda chuo chako kimeshaunganishwa navyo. Uliza nywila dawati la maktaba kabla hujalalamika kwamba makala zinauzwa kwa dola. Wikipedia isome upate mwanga, kisha ushuke kwenye tanbihi zake.

Na akili unde? Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizitunga, majina na nukuu vyote vya kubuni. Hao walikuwa mawakili, mbele ya jaji. Marejeo ambayo hujayaona kwa macho yako usiyaandike. Kama umemsoma Juma kupitia kwa Asha, sema umemsoma kwa Asha, hakuna aibu. Na jina la mwandishi, mwaka, mchapishaji na ukurasa uviandike papo hapo kitabu kikiwa mkononi, kwa sababu usiku wa kuamkia Ijumaa kitakuwa kimeazimwa na mwingine. Desa la stesheneri liache hukohuko stesheneri. Wa mwaka jana walishalinunua, na mhadhiri analijua hadi makosa yake ya tahajia.

Nanyi wahadhiri, nawaomba: katika kila kazi mnayosahihisha, chagueni marejeo mawili mkayatafute rafuni kabla ya kutoa alama.