Namna ya Kulitazama Yai Mpaka Watu wa Nyumbani Waingiwe na Wasiwasi

Umeamua kujifunza kuweka mwanga katika filamu za katuni za kompyuta, na kuunganisha tabaka za picha mpaka mtazamaji asijue zilitoka sehemu mbalimbali. Hongera. Kuanzia leo hutatazama filamu kwa amani tena, na unaokaa nao hawatatazama kwa amani pia, kwa kuwa utakuwa unaisimamisha katikati ya mkasa ili uwaonyeshe kivuli cha kiti. Mwongozo huu ni wa kukusaidia uharibike vizuri na upesi.

Kwanza, zima kompyuta. Najua umeshapakua Blender, na ulifanya vyema: ni programu huria tangu 2002, hailipiwi hata shilingi, na ina karibu kila kitu utakachohitaji miaka yako ya mwanzo. Itakungoja. Nenda jikoni ukaombe yai.

Liweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, zima taa zote, kisha kaa. Usichore, usipige picha. Tazama tu. Upande wa dirishani unang'aa. Zungusha jicho polepole ulifuate yai mpaka mahali mwanga unapokoma. Wengi hudhani kuanzia hapo giza linazidi mpaka chini. Tazama tena. Sehemu yenye giza kuliko zote ni mkanda mwembamba uliopita kidogo mpaka ule, na chini ya mkanda yai linaanza kupata nuru upya, kwa sababu karatasi imepokea mwanga wa dirisha na kuurudisha juu. Ondoa karatasi, tandika khanga nyekundu, na tumbo la yai litaona haya. Sasa angalia pale yai linapogusa meza. Pana mstari mweusi kabisa, mwembamba, ambao ndio unaolikalisha yai mahali pake. Umeshaona katuni ambazo wahusika wanaelea juu ya ardhi ingawa miguu yao imeshuka hadi chini? Kuna mtu aliusahau mstari huo. Kisha fuata kivuli kinavyotoka: karibu na yai ukingo wake ni mkali, kikienda mbali unalegea hadi huwezi kusema kinaishia wapi. Sababu ni ukubwa wa dirisha. Chanzo kikubwa cha mwanga hutoa ukingo laini, chanzo kidogo hutoa ukingo mkali. Washa tochi ya simu juu ya yai hilohilo uone.

Bibi atapita, na atauliza, "Mjukuu wangu, hilo yai limekukosea nini?" Mjibu kwa adabu, "Halijanikosea, bibi, nasoma." Akitaka kujua ni shule gani hiyo ya kukodolea mayai macho, mkaribishe akae. Mwonyeshe wekundu wa khanga yake mwenyewe tumboni mwa yai. Watu wazima wengi hawajawahi kuuona, na aliyeuona mara moja hawezi tena kuacha kuuona. Hapo umeshapata mwenzako wa kuharibika naye, na mayai hayatakuwa shida.

Sasa toka nje. Vitabu vya fani hii vitakufundisha taa tatu: kuu kutoka pembeni, ya kujazia, na ya nyuma. Jifunze mpangilio huo, umewatoa wengi. Lakini siku utakapotengeneza hadithi ya mtoto anayetoka shuleni Temeke, Dar es Salaam, saa saba mchana, ukampa jua la pembeni la rangi ya dhahabu, mtazamaji wa Temeke atahisi anadanganywa, hata asipojua kwa nini. Mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita Dar es Salaam juu ya utosi kabisa. Kivuli cha mtu hujikusanya chini ya miguu yake na macho huzama gizani chini ya nyusi. Nani basi anaumulika uso? Ardhi. Mchanga, saruji, ukuta uliopakwa chokaa. Pita Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye uchochoro ambao jua huugusa kwa kitambo kifupi tu kwa siku, na bado unaona kila kitu, maana mwanga unashuka kwa kugonga ukuta huu, kisha ule, kisha huu tena.

Kompyuta ilichelewa sana kujua jambo hilo ambalo ukuta wa chokaa unalijua. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha sanduku tupu lenye kuta za rangi, rangi ya ukuta mmoja ikimwagikia sakafu; somo la khanga na yai, kwa hesabu. Mwaka 1986 James Kajiya akauweka usafiri wote wa mwanga katika mlinganyo mmoja, na mpaka leo programu unazotumia zinahangaika kuukadiria. Kwa miaka mingi watengenezaji wa filamu walilazimika kuigiza mwanga huo wa kugonga kwa kutawanya taa ndogondogo za kughushi kila kona. Wewe una bahati kwamba mashine inakufanyia. Nakusihi usiutupe urithi huo kwa kurudi kuweka taa kumi na moja kwenye chumba kimoja.

Kwa hiyo, ukiwasha kompyuta, weka taa moja. Usiongeze ya pili mpaka uweze kusema kwa sauti ya kwanza imeshindwa nini. Watu wakikusikia ukizungumza peke yako, wataunganisha na habari za yai, basi hakuna kipya. Na taa hiyo iache ifuate desturi yake: ukiisogeza kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga unaofika unabaki robo. Programu nyingine zina kitufe cha kuizuia desturi hiyo. Kiache.

Kuna jambo la kijivu, na hapa nakuomba usiruke. Kijivu kilichoandikwa 0.5 katika picha ya kawaida ya skrini hakitoi nusu ya mwanga wa nyeupe. Hutoa kama asilimia 21 tu. Picha hizo huhifadhiwa namba zake zikiwa zimekunjwa hivyo kwa sababu jicho letu linatofautisha vivuli vya giza vizuri zaidi kuliko vya nuru. Ukijumlisha taa mbili kwa namba hizo zilizokunjwa, nyeupe zitaungua mapema na kingo laini zitapata uchafu ambao hutajua umetoka wapi. Kunjua kwanza, fanya hesabu, kunja mwishoni wakati wa kuonyesha. Ndiyo maana studio huhifadhi kazi katika faili za EXR, ambazo kampuni ya Industrial Light & Magic ilizitoa kwa umma mwaka 2003: zinabeba mwanga wenyewe, hata ule unaozidi nyeupe ya skrini yako.

Tufike kwenye kuunganisha. Mwaka 1898 Mfaransa Georges Méliès alikitoa kichwa chake shingoni akakiweka mezani, akaotesha kingine, kwa kutumia mandhari nyeusi na kupitisha filamu ileile kwenye kamera zaidi ya mara moja. Thomas Porter na Tom Duff, wakiwa Lucasfilm, waliandika mwaka 1984 kanuni za kufanya hivyo kwa namba, na kanuni yao ya kuweka picha moja juu ya nyingine ndiyo utakayoitumia kila siku ya maisha yako ya kazi, iwe ni picha za 3D au za 2D kama za katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kurushwa mwaka 2010.

Chukua pikseli moja tu, ya ukingo wa shati jekundu. Shati limefunika nusu yake, basi alfa, yaani kipimo cha kilichofunikwa, ni 0.5. Wekundu wa shati ni 1, ila kwa kuwa limefunika nusu, faili lina 0.5. Iweke juu ya ukuta mweupe: chukua 0.5 ya shati, ongeza nusu ya ukuta iliyobaki wazi, nayo ni 0.5, upate 1 ya wekundu. Kijani na bluu zinabaki 0.5 za ukuta. Ni waridi safi, ukingo umetulia. Sasa programu ikizidisha kwa alfa mara ya pili, au ukifanya hivyo wewe kwa bidii: 0.5 inakuwa 0.25, jumla 0.75, na shati limezungushiwa uzi mchafu wa giza. Mwanafunzi akiuona uzi huo hukimbilia kuukata ukingo, kuufifisha, kuupaka rangi, usiku mzima. Wewe rudi nyuma uulize swali moja: alfa imezidishwa mara ngapi? Lifanye liwe salamu yako. Waulize hata wenzako mnapokutana asubuhi.

Halafu weusi. Kitu kilicho mbali hakina weusi kamili, kwa kuwa kati yako na hicho kuna hewa, vumbi, unyevu wa bahari, vyote vimepokea nuru. Mhusika uliyemweka ng'ambo ya bandari akiwa na weusi wa wino atasogea mpaka puani kwako. Ili kumkagua, inua gama ya kitazamio, yaani ung'avu wa sehemu za giza na za kati, mpaka picha yote ipauke, na kosa lililojificha gizani litajitokeza lenyewe. Kama nyuma ya mhusika ni picha ya kamera halisi, kumbuka pia kwamba kamera ina chenga na mhusika wako ni msafi kupita kiasi. Mpe chenga zinazofanana, ukipima chaneli moja moja ya rangi. Ya bluu mara nyingi ndiyo huwa nazo nyingi zaidi.

Chenga nyingine ni za kwako mwenyewe. Kurenda ni kutuma miale kwa kubahatisha kutoka kila pikseli na kuuliza mwanga unatokea wapi, sawa na kuulizia bei ya mchele sokoni: ukiwauliza wawili utaambiwa lolote, ukiwauliza mia wastani unatulia. Ila kupunguza chenga kwa nusu kunadai miale mara nne, na saa mara nne. Piga hesabu mapema. Sekunde 10 za filamu ni fremu 240. Kila fremu ikichukua dakika 5, ni saa 20. Ndani ya saa hizo umeme utakatika, na dada yako atataka soketi ya kuchajia simu. Kwa hiyo toa kila fremu katika faili lake. Umeme ukikatika kwenye ya 173, utaendelea na ya 173. Aliyeiagiza kompyuta itoe video moja huenda akaanza na ya 1.

Ukishapata vipande vichache unavyovipenda, tengeneza video fupi ya kuombea kazi. Anza na kipande bora kuliko vyote, na kwa kila kimoja onyesha tabaka zikija moja baada ya nyingine, ili anayetazama aone ulichofikiri. Andika chini kabisa, kwa herufi zinazosomeka, nini ni chako: mwanga na uunganishaji ni wangu, mhusika nilimpakua, mwendo ni wa mwanafunzi mwenzangu, jina lake hili hapa. Fani hii Nairobi na Dar es Salaam ni ndogo, na aliyekutengenezea mwendo huo huenda ndiye atakayekuwa amekaa upande wa pili wa meza siku ya usaili.