Mhadhara Mkuu wa Mtaalamu Bingwa wa Kuchoma CD

Mtaalamu Bingwa wa Uchomaji CD, ambaye pia ni Mshauri Mwandamizi wa Kasi na Mlezi wa Draivu Zote (vyeo hivyo alijitunukia mwenyewe katika kikao cha mjumbe mmoja), alipanda jukwaani, akakohoa, akawatazama waliohudhuria kwa huruma. Tatizo la dunia, alisema, si njaa wala vita. Ni watu wazima wanaoingia dukani na kuchagua mashine ya kuchoma CD kwa kusoma namba iliyobandikwa usoni pake.

Namba yenyewe huwa kama hivi: 52x32x52. Ya kwanza ni kasi ya kuandika CD ya kawaida, ya pili ni kasi ya kuandika ile CD inayofutika na kutumika tena, ya tatu ni kasi ya kusoma. Hiyo "x" moja ni kilobaiti 150 kwa sekunde, mwendo uleule ambao CD ya muziki huzunguka nao ikisikilizwa. Kwa 1x, basi, CD ya dakika 80 huchomwa kwa dakika 80. Hapo Mtaalamu akanyamaza ili watu waandike. Hakuna aliyekuja na kalamu.

Akawarudisha nyuma hadi 1990, mtambo wa kurekodi CD ulipokuwa na ukubwa wa mashine ya kufulia. Kinasa cha Yamaha kilichokuwa moyo wa mtambo mmoja wa aina hiyo kiligharimu dola 35,000, na kompyuta ya kukiongoza ilinunuliwa kando. Kufikia 1992 bei ilikuwa imeshuka hadi kati ya dola 10,000 na 12,000. Kisha Septemba 1995 Hewlett-Packard ikatoa 4020i kwa dola 995, ya kwanza kushuka chini ya dola 1,000. Iliandika kwa 2x, yaani dakika 40 kwa CD moja. Mtaalamu aliyasimulia haya kwa unyenyekevu wa mtu anayeamini kwamba bei ilishuka kwa juhudi zake.

Hesabu iliyofuata, hata hivyo, ilikuwa sahihi, na haki yake apewe. Kutoka 2x kwenda 4x unaokoa dakika 20. Kutoka 4x kwenda 8x, dakika 10. Kutoka 8x kwenda 16x, dakika tano. Ukitoka 16x ukaruka mpaka 52x, kwa mbwembwe zote na boksi linalong'aa, unaokoa dakika mbili hivi. Mtaalamu alitaka kujua mnunuzi huzifanyia nini dakika hizo mbili, kwa kuwa yeye amewaona wengi wakizitumia kuitazama mashine ikichoma.

Mbili, si tatu na ushei, kwa sababu 52x si 52x. Mashine hizi huzungusha CD kwa mizunguko isiyobadilika, na uandishi huanzia ndani, karibu na tundu, ambako njia ni fupi. Huko mwendo ni kama 22x tu. Hupanda polepole, na ile 52 ya kwenye boksi hufikiwa ukingoni, kazi ikiwa inakwisha. Ni daladala yenye kipimo cha kilomita 180 iliyokwama kwenye foleni ya Ubungo. Muda wote huo CD inazunguka kama mara 10,000 kwa dakika, na ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa. CD yenye ufa ikifikishwa hapo inaweza kupasuka vipande vipande humo ndani, ikaondoka na mashine. Mtaalamu alisema haogopi. Alisogea nyuma hatua moja.

Basi fedha ziende wapi? Kwenye kisichoandikwa kwa herufi kubwa. Leza inayochoma haipendi kusubiri. Data zikichelewa kutoka kwenye kompyuta, uandishi hukatika na CD huishia kuning'inia shambani ikitishia ndege. Ndiyo maana mashine ina kumbukumbu ya muda. Megabaiti mbili kwa 4x humpa mchomaji sekunde tatu za kupumua. Megabaiti hizohizo kwa 52x huisha katika robo ya sekunde. Sanyo ilileta dawa mwaka 2000, BURN-Proof: mashine ikikosa data inasimama, inakumbuka ilipoishia, inaendelea. Plextor 12/10/32A ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwa nayo, na ingawa iliandika kwa 12x tu, aliyeinunua hakulionea wivu boksi la jirani lenye namba kubwa.

Dawa hiyo haijui TANESCO. Umeme ukikatika katikati ya CD hakuna cha kukumbuka wala kuendelea, na waliokuwa na vibanda vya kuchoma CD Dar es Salaam wakati wa mgao wa 2006 hawahitaji Mtaalamu kuwaeleza. Bei ya UPS, ile betri ya dharura, iingie kwenye hesabu, akaamuru. Vilevile waya: mashine ya nje iliyochomekwa kwenye USB ya zamani, ile 1.1, haivuki 6x hata ikiandikwa 52x kwa dhahabu.

Hapo akateleza kidogo akaanza kuisifu Yamaha CRW-F1 ya 2002, iliyoweza kuchora picha kwa leza kwenye sehemu ya CD iliyobaki tupu. Alieleza kwa kirefu picha ya nani ingefaa.

Wakati wa maswali akasimama katibu wa kwaya. Wana nakala 200 za kuchoma kabla ya Jumapili; wanunue 52x au 16x? Mtaalamu akafumba macho, akaanza, "Mama, kasi ni dhana pana..." Fundi mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa na cheo, akamwokoa. Kwa 52x moja, dakika tatu kila nakala, ni saa kumi, na mtu akae hapo akibadilisha CD. Mnara wa kunakilia wenye draivu saba za 16x, za bei nafuu, unatoa saba kila dakika tano: raundi 29, chini ya saa mbili na nusu. Kama mnara ni ghali, aukodi.

Katibu akaandika. Alikuwa na kalamu kumbe. Mtaalamu akampongeza fundi kwa kuyaelewa vizuri mafundisho yake, akatangaza kwamba ukodishaji wa minara utakuwa mada ya mhadhara wa pili, kiingilio shilingi 10,000.