Kugawa diski kwa mkono

Kugawa diski ni kuikata vipande ili kila mfumo wa uendeshaji upate makao yake. Jedwali la zamani la vipande, MBR, huruhusu vipande vikuu 4. La GPT, kwa kawaida 128, ukarimu usio na mwombaji.

Mfumo unaowafaa wenye subira ni Haiku, ulioanzishwa na wapenzi wa mfumo wa zamani wa BeOS mwaka 2001. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo Ndau, kisiwa cha Wabajuni kati ya Pate na Kiwayuu, kufikia 2024 aliweza kuwa nahodha mwenye watoto wake. Haiku wakati huo ilikuwa toleo la 5 la majaribio.

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi nakala ya mafaili, jambo linalohimizwa na wote na kutendwa na wachache. Kisha mfumo huandikwa kwenye flashi, kompyuta huwashwa kutoka humo, na programu ya DriveSetup huandaa kipande kwa mpangilio wa mafaili wa BFS. Kunakili mfumo kwenye kipande hicho huchukua dakika chache tu.

Hatari ni kufomati kipande kisichohusika. Hapa mgao wa diski hupishana na mgao wa samaki ufuoni Ndau: mvuvi aliyepunjwa hupiga kelele, ilhali picha za harusi hufutika kimya.

Kazi ikifaulu, mtumiaji hustaajabia madirisha yenye vichwa vya njano, huwaonyesha wenzake wasiouliza, kisha huwasha upya kompyuta na kurudi Windows kufanya kazi.