Moyo Unaopiga Hodi

Mgonjwa aliyebadilishiwa valvu ya moyo hurudi nyumbani na maelekezo tele: asinyanyue ndoo, alale chali, asikose dawa, asikose kliniki. Linalosahaulika mara nyingi ni kumwambia kwamba sasa moyo wake utasikika.

Afrika Mashariki, valvu nyingi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayoanza na maambukizi ya koo utotoni yasiyotibiwa vizuri. Valvu isiporekebishika, huwekwa nyingine, ya kibaiolojia au ya kimakanika. Ile ya kibaiolojia hutokana na nguruwe au ng'ombe. Iko kimya, ila huchakaa baada ya miaka kadhaa, nayo ya nguruwe huwahi kuzua kikao cha ukoo hata kabla mgonjwa hajaulizwa. Ya kimakanika hudumu miaka mingi zaidi. Wengi huwekewa yenye vibati viwili vya kaboni ngumu, aina iliyoanza kutumika mwaka 1977, na vibati hivyo vikijifunga hugonga. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, kwa hiyo mwenye kutaka utulivu asisubiri mapumziko.

Hata hivyo, wa leo wana nafuu. Mwaka 1952 daktari Charles Hufnagel wa Marekani alianza kuwawekea wagonjwa valvu yenye kigololi ndani ya mshipa mkuu, na mlio wake ulisikika kwa waliokaa jirani. Ya sasa husikika zaidi penye ukimya, na hapo ndipo vituko huanzia. Msikitini, wakati wa sala ya kimya, jirani huhisi kuna mtu hakuzima simu. Kwenye chumba cha mtihani, msimamizi huzunguka madawati akiisaka saa. Nyumbani, mke huamka usiku wa manane, akainama uvunguni, akatoa viatu na beseni, asione saa yoyote. Akirudi kitandani anaisikia "saa" imelala ubavuni mwake. Mdomo ukifunguliwa mlio huzidi, kwa hiyo asiyetaka kusikika ashauriwe kufunga mdomo, ushauri ambao baadhi ya wake walikuwa wakiutoa tangu kabla ya upasuaji.

Kuhisi mapigo ni jambo jingine, na halimbagui hata mwenye valvu ya kibaiolojia. Mfupa wa kidari umepasuliwa na kufungwa kwa waya, utando unaouzunguka moyo umefunguliwa, na moyo uliozoea kusukuma damu kwa nguvu dhidi ya valvu mbovu hauachi mazoea kwa wiki moja. Upungufu wa damu baada ya upasuaji huongeza kishindo. Akilala ubavu wa kushoto, moyo husogea karibu na mbavu, na kifungo cha pajama huonekana kikirukaruka.

Dawa ya kwanza ni kutojipima kila dakika. Mgonjwa hushika kifundo cha mkono, akahesabu 84, akaingiwa na hofu. Akirudia anapata 97, na ya tatu haifai kutajwa mbele ya watoto. Kinachofaa ni kugeukia ubavu wa kulia kidari kikishapona, kuongeza mto, na kuacha feni au redio ikipiga kelele za chinichini. Kahawa ya jioni ipunguzwe. Wengi huzoea baada ya miezi kadhaa, wakawa hawausikii mlio mpaka mgeni aulize.

Mwenye valvu ya kimakanika humeza warfarini maisha yake yote ili damu isigande kwenye vibati, akipimwa damu mara kwa mara. Mchicha na kisamvu huathiri dawa hiyo; havikatazwi, ila viliwe kwa kiasi kilekile, siyo sufuria zima Jumapili halafu kutovigusa wiki nzima. Dawa za maumivu za dukani zisinunuliwe bila kumuuliza daktari.

Familia iliyokuwa ikilalamikia kelele inapaswa kujifunza kuogopa kinyume chake: mlio ukififia au ukibadilika ghafla, huenda damu imeganda kwenye valvu. Vilevile mapigo yanayokwenda mbio bila mpangilio, hali inayowapata wengi siku za mwanzo, hayangojewi yatulie yenyewe, hasa yakifuatana na kizunguzungu, kuzirai, maumivu ya kifua au kuhema. Kadhalika homa isiyoeleweka, uso kupinda upande mmoja, au damu isiyokatika. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama kadi ya kliniki imeandikwa Alhamisi.