Namna ya Kuikumbuka Televisheni Ambayo Kwenu Haikuwapo

Kila Krismasi, katika sebule moja ya Catford, London, jamaa wa pwani wapatao thelathini hujibana mahali palipojengwa kwa ajili ya watu sita. Waislamu wapo, Wakristo wapo, na yule asiyejulikana ni wa wapi lakini huja na soda pia yupo. Usishangae. Idi ya hapa ni tabu: hawa wamefunga na mwezi wa Saudia, wale wamengoja wa Moroko, na waliobaki wako kazini. Krismasi haina mwandamo. Nchi nzima imelala, bosi hapigi simu, na pilau haina dini.

Sahani zikishatolewa, chai ikiwa bado jikoni, mtu mzima mmoja ataitazama ile skrini iliyomeza ukuta, atavuta pumzi na kusema: "Zamani bwana, televisheni ilikuwa moja mtaa mzima." Hapo mashindano yameshaanza. Kama kwenu haikuwapo, mwongozo huu ni wako. Kama ilikuwapo, usome vilevile, ujue tunavyokuibia.

1. Ngoja mpaka watu wasiwe na pa kukimbilia.

Tarehe 25 Desemba London haina basi wala treni. Treni ya DLR ya Lewisham imelala, basi la 75 halipiti, la 185 halipiti. Mtu asiye na gari ataondoka pale mwenye gari atakapoamua, na mwenye gari bado anakula. Hadhira ya namna hii huipati hata ukilipa. Kwa hiyo usianze hadithi mlangoni, watu wakivua viatu, wala wakati makoti yanarundikwa kitandani ghorofani. Anza madirisha yakishapata ukungu wa pumzi na king'ora cha moshi kikishanyamazishwa kwa mara ya pili kwa sababu ya vitunguu. Kaa karibu na mlango wa jikoni. Atakayetaka kutoroka lazima akuombe njia.

2. Jua tarehe, kwa sababu wajukuu wana simu.

Huu ndio msingi, na hapa ndipo waongo wengi wanapoanguka. Kenya ilipata televisheni 1962, bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu. Uganda ikafuata 1963. Unguja ikaruka foleni: kufikia Januari 1974 ilikuwa na televisheni ya rangi, na wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Mzee Karume ndiye aliyeitaka, akauawa Aprili 1972 kabla ya kuiona ikiwaka. Na sisi wa Bara? Sisi tulikuwa na redio. Mwalimu Nyerere aliona inatutosha, na televisheni ikaja 1994, ITV ya Dar ikiwa miongoni mwa za mwanzo, wakati Mzanzibari ameshachoka na rangi.

Sasa piga hesabu. Ukisema ulitazama televisheni kwenu Ilala mwaka 1978, kijana wa miaka kumi na mbili atakutazama, atashuka kwenye simu yake, atapanda tena na kusema, "Mjomba, hapa wanasema 1994." Usitetereke. Jibu ni moja, na lina ukweli wa kutosha kukubeba: "Tulikuwa tunainasa ya Unguja." Kweli wapo wa Dar walioinua antena mpaka zikapita minazi, wakaipata TVZ kuvuka bahari. Wewe hukuwa mmoja wao. Lakini bahari ni ile ile, na minazi ilikuwapo.

Mzanzibari akiwapo sebuleni, kubali yaishe. Atakuambia wenyeji wetu hawa BBC One iliwapa rangi Novemba 1969 tu, na Unguja ikawafuata baada ya miaka michache, kisiwa chenye karafuu na foleni ya mchele. Anasema kweli na ataisema mara tatu. Mwache. Ukibisha utapoteza, ukimsaidia kusimulia, utaanza kuonekana kama ulikuwapo.

3. Usiseme "yetu". Sema "kwa baba mkubwa".

Kiswahili kimekufanyia kazi yote. Kila mwanamume wa makamo mtaani alikuwa baba mkubwa, baba mdogo au mjomba, na nyumba yake ilikuwa "pale nyumbani". Hujadanganya hata neno moja. Msikilizaji mwenyewe ndiye atakayeichukua televisheni kwa jirani na kuiweka sebuleni kwenu, na hatakudai gharama ya kuibeba.

4. Jipe kazi ya juu ya bati.

Ukumbusho bila vitu ni porojo, kwa hiyo beba vitu. Taja kabati lenye milango na ufunguo, na ufunguo ulikuwa kwenye fundo la khanga ya mama mwenye nyumba. Taja kitambaa cha kufuma kilichofunika kioo mchana, utadhani televisheni nayo ilikuwa na stara. Taja karatasi ya plastiki iliyobandikwa mbele ya televisheni nyeusi na nyeupe, buluu juu, kijani chini, ili msomaji wa habari awe na paji la uso la mbinguni na kidevu cha majani. Taja chenga. Ukisema "chenga" kwa sauti ya upole, watu wazima watatikisa vichwa wote kwa pamoja, na wewe umeshapokelewa.

Ila kuna hatari. Mtu atakuuliza mlikuwa mnatazama nini. Mkenya ana Vitimbi, ana Mzee Ojwang na Mama Kayai, ana Vioja Mahakamani. Atakumaliza kwa majina. Ndiyo maana nakuambia: katika hadithi yako, wewe ulikuwa mtoto aliyepandishwa juu ya bati kuigeuza antena. "Geuza! Hapo hapo! Ah, umepitiliza!" Kila mtaa ulikuwa na mtoto huyo, na mtoto huyo hakuona hata kipindi kimoja. Hawezi kuulizwa kitu. Anahurumiwa, anasifiwa, anaongezewa chai. Nimekaa juu ya bati hilo miaka kumi na moja sasa, na goti limeanza kuniuma kweli.

5. Ongeza umati kwa kiasi.

Weka tukio Unguja, siku ya Idi mosi, usiku, watoto wametoka Mnazi Mmoja na vumbi na puto, pesa za sikukuu zimeisha, hakuna pa kwenda ila kwa mwenye televisheni. Mwaka wa kwanza sema mlikuwa ishirini. Mwaka wa pili arobaini. Ukifika sitini, simama. Chumba cha Ng'ambo nacho kina kuta. Wapange vizuri: wazee kwenye viti, akina mama mkekani, watoto sakafuni mbele, waliochelewa mlangoni, na waliogombana na mwenye nyumba dirishani. Wenyeji wa hapa hulipia leseni ya televisheni kila mwaka na kulalamika. Leseni ya kule ilikuwa kuosha miguu, na mama mwenye nyumba aliikagua mwenyewe, vidole mpaka kisigino.

6. Jirani Mwingereza mkaribishe, lakini mwangalie.

Utamkaribisha kwa sababu ya kelele, ili asilalamike. Atakula sambusa mbili, atasifu, kisha kwa sauti ndogo ya kibibi ataiteka sebule nzima. Ana Juni 1953. Siku ile Elizabeth anatawazwa, mvua inanyesha, mtaa mzima umejazana kwenye nyumba ya mtu mmoja mwenye televisheni, pazia zimefungwa ili picha ionekane, watoto sakafuni. Watu wapatao milioni 20 waliitazama, na wengi wao kwenye nyumba isiyo yao. Ni hadithi yetu ile ile, na yeye ana malkia ndani yake. Hushindi hapo.

Mgeuzie mada kwa adabu. Muulize habari ya tamthilia ya EastEnders ya Krismasi 1986, pale Den alipomkabidhi Angie karatasi za talaka, watu milioni 30 hivi wakitazama. Neno "talaka" likishatajwa, akina mama watamchukua jikoni kwa maelezo zaidi, na wewe utarudi juu ya bati lako.

7. Kesho yake, watembeze.

Tarehe 26 waliolala kwenye makochi wanahitaji hewa. Wapeleke Sydenham, Crescent Wood Road, kwenye nyumba yenye kibao cha buluu. Hapo aliishi John Logie Baird, yule aliyewaonyesha wataalamu televisheni Soho, Januari 1926. Simama mbele ya kibao, mikono nyuma, useme, "Huyu alikuwa jirani yetu hapa Lewisham." Mpaka wa halmashauri unapita hapo hapo karibu na inawezekana nyumba iko ng'ambo yake, lakini hakuna mgeni wa Krismasi aliyewahi kuulizia mpaka wa halmashauri. Kisha waonyeshe mnara wa Crystal Palace, mita 219 za chuma. Tazama juu. Kaa kimya. Mmoja wao lazima atasema, "Antena ile ungeipanda wewe!"

8. Ukikamatwa, panda bei.

Yalinikuta. Mwaka juzi tulimpata mgeni, bi mkubwa wa Kikwajuni aliyekuja kumtazama binti yake aliyejifungua. Alikaa kochini kimya, miguu kwenye soksi mbili, akanywa chai yake ya tangawizi huku nikisimulia Idi yangu ya Unguja: kwa baba mkubwa, kabati lenye ufunguo, watu sitini, mimi juu ya bati. Nilipomaliza akaniuliza jina la baba mkubwa huyo. Nikalitaja, kwa sababu nilikuwa nimeshiba na sikufikiri.

"Huyo ni mume wangu," akasema. "Mungu amrehemu."

Sebule ikatulia. Hata watoto waliweka simu chini, jambo ambalo sikuwahi kulipata kwa hadithi yoyote.

"Na juu ya bati, mwanangu, hakupanda mtoto. Nyumba yetu ilikuwa chini, ghorofani wapo watu. Wewe nakukumbuka. Ulikuwa mgeni wa Bara, sikukuu ile, na kanzu ya kuazima. Hukuosha miguu, nikakutoa. Ukakaa dirishani, ukaning'inia kwenye nondo mpaka moja ikapinda. Tumehama nyumba ile imepinda vile vile."

Ikikufika hii, ndugu yangu, usibishe, usiombe radhi, na usicheke. Inuka taratibu, mpe mkono kwa heshima, kisha wageukie watu wote na useme kwa sauti ya mtu aliyetambuliwa hatimaye: "Mmesikia? Nondo ile niliipinda mimi."

Walinipigia makofi. Krismasi ijayo nitakuwa nimeing'oa.