Sultani wa Bega la Kushoto

Unguja imejengwa na pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Oman, Uajemi na Bara Hindi. Kusi ikayarudisha na karafuu na pembe. Na baina ya pepo hizo mbili mabaharia walikaa mtaa wa Malindi wakingoja, wakaoa, wakaota mizizi. Kila upepo umepata heshima yake. Umenyimwa mmoja tu: ule unaokwama katika tumbo la mtoto wa wiki sita, saa nane za usiku, ghorofa ya pili ya nyumba ya Kiponda, na ambao ukishatoka, kwa mbweu moja fupi, watu wazima wanne husema alhamdulillahi kwa pamoja.

Mimi nimejitolea kuusifu. Sitaki malipo, nataka kanga kavu tu.

Tuanze na nasaba, maana Mji Mkongwe msifiwa asiye na nasaba hafiki mbali. Upepo huu ni wa ukoo wa hewa ile ile tunayovuta sisi. Mtoto huumeza anaponyonya kwa pupa, anapolia kabla ya kunyonya, anaposhika ncha ya titi badala ya kulijaza kinywani, au chuchu ya chupa inapokuwa na tundu kubwa kupita kiasi. Ukifika chini hukuta makao finyu. Tumbo la mtoto siku anayozaliwa hujaa kwa kijiko kimoja cha chai au kupita kidogo, na ule msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo, hapo linapokutana na umio, bado mlegevu. Kwa hiyo upepo ukipanda haupandi peke yake. Huja na msafara wake wa maziwa, mengine mabichi, mengine yameshaganda, yote yakiishia begani kwa aliye karibu. Madaktari wanakadiria kwamba karibu nusu ya watoto walio chini ya miezi mitatu hucheua angalau mara moja kwa siku. Nusu nzima ya raia, bila mkutano wa kampeni hata mmoja!

Wala usidhani unawatawala makabwela peke yao. Salme binti Said, aliyezaliwa katika kasri ya Mtoni mwaka 1844 na akaja kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi watoto wa kasri walivyokuwa wakifungwa nguo tangu mabegani hadi miguuni kwa siku arubaini. Hebu jiweke wewe: umekazwa nguo, goti huwezi kulivuta, na upepo umo ndani. Ndugu yake, Sultani Barghash, kabla hajajenga Beit el Ajaib mwaka 1883 na kabla hajauletea mji maji ya mfereji, naye lazima aliwahi kuwa kibunda begani kwa yaya, watu wakingoja mbweu yake. Nguvu za kijeshi tusizitaje kabisa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga kasri ya Sultani Khalid, na vita vikaisha chini ya saa moja. Hesabu inayotajwa zaidi ni dakika 38. Muulize mama yeyote wa Mkunazini. Dakika ya 38 ndiyo kwanza mtoto anakunja magoti.

Una nidhamu ya saa pia. Wazee wa pwani wanakataza mtoto mchanga kutolewa nje wakati wa magharibi, kwani ndiyo saa ya mashetani kupita. Madirisha hufungwa na ubani ukafukizwa. Madaktari nao, bila kuulizana na wazee wetu, wameona kwamba kilio cha chango huchachamaa jioni na mwanzo wa usiku, huzidi wiki hadi wiki, hufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hushuka chenyewe. Morris Wessel, daktari wa watoto wa Marekani, yeye na wenzake walikiwekea kipimo mwaka 1954: mtoto mwenye afya anayelia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu. Kipimo walikipata, sababu hawakuipata, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana. Wako wanaosema upepo unasingiziwa tu: mtoto halii kwa sababu amemeza hewa, amemeza hewa kwa sababu analia. Kama ni hivyo, sifa zake zizidi. Mtu aliyebeba lawama za mwingine vizazi na vizazi, pasi na kufungua kesi wala kuomba radhi, mjini petu ni nadra kumpata.

Lakini fadhila ninayoiona kubwa kuliko zote ni kwamba unaajiri. Kuta za nyumba za mawe ni nene, ila madirisha yake yanatazamana juu ya vichochoro vyembamba, na mtoto akilia Hurumzi jirani husikia kabla baba yake hajazipata kandambili gizani. Haipiti nusu saa kila mtu ana cheo. Jirani wa mkabala ndiye mshauri wa mafuta: tumbo lisuguliwe kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, polepole, kiganja kikizunguka kitovu, na magoti yasukumwe kifuani kidogo kidogo. (Huyu, kwa kweli, asikilizwe.) Shangazi anashika wizara ya jikoni. Mama mzazi kala nini? Nani kampa maharage? Papo hapo anaagiza uji wa pilipili manga, na maji ya shamari yachemshwe, na dada mdogo anaamshwa kwenda kuwasha jiko ingawa yeye hana mtoto wala maharage.

Na bibi mkubwa ndiye mtunza mvuje. Asiyeujua mvuje hajaingia chumba cha mzazi wa Kiunguja. Ni utomvu wa mmea wa Uajemi na Afghanistan, umekuja pwani hii kwa majahazi yale yale ya kaskazi, na hufungwa katika kitambaa cheusi ukavalishwa mtoto mkononi. Harufu yake hufukuza kijicho, mashetani, na wageni waliokuwa na nia ya kungoja chakula cha usiku. Tumboni haufiki. Hata hivyo katika chumba kile hakuna tena awezaye kusema kwamba hakuna kilichofanyika.

"Baba, umemshika kama tikiti la Darajani," bibi anamwambia mjukuu wake aliyepata mtoto wa kwanza. "Mlaze kifua juu ya bega. La kushoto, ili mkono wa kulia upate kazi. Kichwa ukishike."

"Bibi, lakini kwenye simu wameandika kwamba..."

"Haya, iweke hiyo simu begani tuone kama itacheua."

Mwanamume wa Unguja anaweza kuupitisha uchanga wa wanawe wote akiwa barazani. Kuna kahawa, kuna bao, kuna siasa za kijiwe cha Jaws Corner ambazo bila yeye haziendi. Upepo ndio uliomnyanyua kitako. Fedha haupokei, cheo chake ofisini hauna habari nacho, na ukiuahidi kwamba jambo lake linashughulikiwa haukubali. Unataka bega, na la mama limeshachoka tangu alasiri. Basi bwana mkubwa anatembea, ukumbini mpaka mlangoni, mlangoni mpaka ukumbini, anapapasa mgongo, anaimba nusu ya wimbo anaoukumbuka na nusu nyingine anaitunga. Ijumaa utamwona msikitini. Kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa, na nyuma ya bega la kushoto pana doa la maziwa yaliyokauka, ambalo yeye halioni na safu nzima iliyo nyuma yake inaliona. Nishani hiyo Ikulu haiigawi.

Wasomi na wafanyabiashara wamejaribu kuupindua utawala huu. William Woodward wa Nottingham, Uingereza, alitengeneza mwaka 1851 maji yake mashuhuri ya tumbo la watoto: mafuta ya mbegu za mmea wa jamii ya shamari, sukari, baikaboneti ya sodiamu, na kilevi kiasi cha asilimia 3.6. (Mvuje nao ni wa jamii hiyo hiyo ya shamari, bibi na Woodward wameonana bila kujuana.) Chupa hiyo ilienea katika himaya yote ya Waingereza, nasi tulikuwa ndani ya himaya hiyo tangu 1890 hadi 1963. Kilevi kilikuja kuondolewa baadaye. Kama kuna bibi asiyekosa swala tano aliyewahi kumpa mjukuu kijiko, mjukuu akalala fofofo, naye akashukuru kwa dawa nzuri, hesabu hiyo tumwachie Woodward. Siku hizi kliniki zinasema maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, hata maji matupu hapana, na asali ni mwiko mpaka mwaka utimie, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vyenye sumu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga haujaweza kuvizuia.

Pigo kubwa zaidi lilitoka Chandigarh, India. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watafiti waliwafuatilia akina mama 71 na watoto wao. Kundi moja lilifundishwa kumcheulisha mtoto kila baada ya kunyonya, jingine halikufundishwa. Kilio cha chango hakikupungua. Kucheua maziwa ndiko kulikozidi. Msomee bibi matokeo hayo, atakuuliza jambo moja tu: hao watoto nani aliwashika? Na mimi, pamoja na heshima yangu kwa wasomi, sijaona nyumba ya Unguja iliyoacha bega kwa sababu ya Chandigarh. Mtoto akiwa wima baada ya kunyonya, maziwa yana mlima wa kupanda. Na mtoto aliyebebwa, hata kama tumbo halijapoa, walau anajua hayuko peke yake. Akisinzia ndipo alazwe chali, hata yule mcheuaji hodari. Hapo bibi anabisha, anataka alale ubavu asije akapaliwa. Katika hili bibi hana haki, kwani mtoto mzima akilala chali huyameza au huyakohoa yanayopanda, na kulala chali ndiko kulikoonekana kupunguza vifo vya ghafla vya usingizini.

Mtawala yeyote ana wanaojipitisha kwa jina lake, na upepo hauna budi kutetewa. Mtoto anayecheua huku anatabasamu, ananyonya vizuri na uzito wake unapanda kwenye kadi ya kliniki, kazi yake ni ya sabuni, si ya daktari. Lakini matapishi ya kijani si upepo. Damu si upepo. Maziwa yanayoruka kwa nguvu kila anyonyapo, hasa kati ya wiki ya pili na ya nane, si upepo; huenda njia ya kutokea tumboni imebana. Homa kwa mtoto wa umri huo, tumbo gumu lililovimba, kukataa titi, kulegea, uzito kusimama: hao wote ni wavamizi waliovaa kanzu isiyo yao, na usiku huo huo waende wakajieleze hospitali ya Mnazi Mmoja, si kwa jirani wa mkabala. Mvuje usitiwe katika kesi hiyo.

Upepo halisi una adabu ya kuondoka. Mwezi wa tatu au wa nne chango hupungua. Kucheua hung'ang'ania kidogo, pengine kukazidi kwanza, kisha mtoto anaanza kukaa kitako, anakula vya kutafuna, na akitimiza mwaka wengi huwa wameacha kabisa. Hakuna anayetoa hotuba ya kuuaga. Jirani anarudi kwenye shughuli zake, shangazi anawaruhusu watu kula maharage, na baba anarudi barazani akakuta siasa ziko pale pale alipoziacha. Anakaa upande upande, bega la kushoto limeinuka kidogo kuliko la kulia.

Bibi tu ndiye hajapumzika. Ameshatia kidole chake kinywani mwa mtoto, anapapasa ufizi wa chini, na anataka kujua kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba jino linakuja.